Kioo cha Upande wa Baba

Mimi hushona mapazia na vifuniko vya viti pale Litein, na miaka mingi nyuma ya cherehani imenifanya niamini kwamba hakuna kitu duniani kisichoweza kufanywa kizuri zaidi. Ni imani inayoniletea riziki. Ni imani hiyo hiyo iliyonifanya nilichukue gari la baba, gari lililokuwa halijamkosea mtu, nikalipasua milango.

Gari lenyewe ni stesheni wagoni ya Kifaransa, rangi ya maziwa, ndefu kiasi kwamba ukiliegesha mbele ya duka langu linafunika na duka la jirani. Baba alilinunua kutoka kwa meneja wa shamba la chai aliyekuwa anastaafu, mimi nikiwa darasa la pili. Tangu hapo limebeba majani chai, ndama, wanakwaya, na akina mama wa kijiji wakikimbizwa hospitali kujifungua. Wawili kati yao gari halikuwahi, wakajifungulia humo humo nyuma. Watoto hao sasa ni watu wazima wenye ndevu na baba bado anawaita abiria wake.

Baba alikuwa na namna moja tu ya kuendesha. Polepole, kioo chini, kiwiko nje, hata asubuhi zile za Julai ambapo ukungu wa huku kwetu unaingia mpaka kwenye mifupa. Alimsalimia kila mtu. "Chamgei," kwa mchuma chai, "chamgei" kwa mwalimu mkuu, "chamgei" kwa mlevi aliyelala mtaroni na ambaye hakuitika. Tulichelewa shule kwa ajili ya salamu hizo, na nikiwa msichana nilikuwa najificha chini ya kiti kwa aibu. Lakini huku kwetu mambo ndiyo hayo. Mtu akikupita na kioo kimefungwa amekunyima salamu, na aliyekunyima salamu ana neno na wewe.

Mwaka jana kiharusi kikampata. Mungu alimsaidia, akabaki na akili zake zote na ulimi wake wote, lakini mkono wa kushoto ulikataa kazi na mguu wa upande huo ukawa unafuata mwenzake shingo upande. Siku tuliyomtoa hospitali niliendesha gari mimi, yeye akakaa kiti cha abiria kwa mara ya kwanza katika maisha yake na gari hilo. Kulikuwa na baridi, nikafunga vioo vyote kama muuguzi alivyoniagiza. Macho yangu yalikuwa barabarani. Sikuona kwamba tulipofika kituo cha majani chai, pale wakulima wanapopimiwa majani yao, rafiki yake wa rika moja alisimama na kuinua mkono. Sikuona baba akihangaika kwa mkono wa kulia kuufikia mkono wa kuzungushia kioo, ambao upo mlangoni, upande wa kushoto, mbali kabisa na mkono ulio mzima. Nilikanyaga mafuta tukapita; hayo nilikuja kuyajua baadaye.

Tangu siku hiyo hakuingia tena garini. Nilimbembeleza, nikamtumia mchungaji, nikamtumia mjukuu wake kipenzi. Jibu lilikuwa moja: hatapitishwa mbele ya watu kama gunia. Alikaa kwenye benchi la nje ya nyumba mwezi baada ya mwezi akilitazama gari, na rafiki yake yule, ambaye zamani hakupitisha wiki bila kuja kunywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, hakuja. Maneno ndiyo yalikuja. Kwamba mzee wa gari siku hizi amekuwa mkubwa, hata mkono hainui.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilitaka kwenda kwa huyo rafiki nikamweleze nilivyofikiria. Lakini baba alinikataza. Alisema salamu haitumwi kwa mtoto, ukidaiwa unailipa mwenyewe. Basi hasira zangu nikazipeleka kwa gari.

Niliamua hivi: nikiligeuza gari hilo liwe starehe tupu, mzee atashindwa kulikataa. Mafundi wa Litein walinicheka, mmoja akanishauri nifugie kuku humo ndani. Nikaelekezwa kwa fundi wa umeme wa magari kule Kapsoit, mtu aliyezaliwa kwenye laini za wafanyakazi wa shamba la chai baada ya wazazi wake kuja kutoka upande wa ziwani kufanya kazi kiwandani. Mtu mrefu, mpole, mwenye penseli sikioni, na asiyejua neno "haiwezekani". Nilipaswa kumwogopa kwa hilo neno tu. Alilizunguka gari mara tatu, akagonga dashibodi kwa kidole kama daktari anayegonga kifua, kisha akasema, "Madam, hii tunaiamsha."

Nikamwandikia orodha. Pawa windo, yaani vioo vya umeme, milango yote minne. Kiti cha mbele cha umeme kinachokwenda mbele na nyuma na kupanda juu, kitolewe kwenye gari la Kijapani lililoanguka. Kufuli za umeme. Redio mpya inayoongea na simu. Mahali pa kuchajia simu, ingawa simu ya baba ni ile ya tochi na chaji yake hukaa wiki nzima. Kamera ya kurudi nyuma. Na, kwa sababu siwezi kujizuia, kile kitambaa cha waya kinachowekwa ndani ya kiti ili kipashe joto makalio, kwani nilisema baridi ya huku si ya mchezo. Fundi alisoma orodha yote akaitikia kwa kichwa. Alinieleza kwamba nyaya za zamani hazitabeba mzigo huo, kwamba atavuta waya mpya mnene kutoka kwenye betri na kuweka kisanduku kipya cha fyuzi, la sivyo siku moja tutawasha redio na moto pamoja. Nikamwambia aendelee.

Vifuniko vya viti nilishona mwenyewe, kahawia iliyoiva, mishono miwili miwili, pembeni uzi wa rangi ya maziwa ili uende na mwili wa gari. Wiki tatu sikushika pazia la mtu. Wateja walinuna, nikawaambia wanune vizuri.

Katikati ya kazi nikakumbuka kitu nilichokuwa nimesahau kwenye orodha. Kule nyuma, kwenye buti, sakafu ilikuwa bati tupu lililochubuliwa na kwato za ndama. Nikamrekodia fundi ujumbe wa sauti kwenye simu, nikaendelea na ushonaji wangu.

Ahadi ya fundi inajulikana, lakini huyu alinishangaza. Jumamosi aliyosema ndiyo Jumamosi aliyokuja. Alilileta gari mwenyewe mpaka uani kwetu, limeoshwa, linang'aa, redio inaimba nyimbo za kwaya. Baba alikuwa kwenye benchi lake. Hakusimama, lakini nilimwona akivuta fimbo yake karibu.

Fundi akabonyeza kitu mkononi, milango yote ikajifungua kwa mlio mmoja. Akabonyeza tena, ikajifunga. Alifanya hivyo mara nne, bila sababu nyingine yoyote isipokuwa furaha. Kisha akatuita nyuma tuone, akasema, kazi iliyomtoa jasho kuliko zote. Akafungua mlango wa buti.

Ndani ya gari la baba kulikuwa na kabati.

Kabati kamili la mbao za saiprasi, limejaa buti yote kutoka ubavu mpaka ubavu, limepakwa vanishi, lina milango miwili, vitasa vya shaba na kufuli. Fundi alifungua mlango mmoja taratibu na taa ndogo ikawaka ndani. Alikuwa amelipeleka gari kwa seremala siku mbili nzima ili kabati likae sawasawa. Mbuzi hangeingia humo, achilia mbali ndama.

Nilifoka. Nakiri nilifoka. Nilimuuliza kama aliona mahali popote kwenye orodha yangu neno kabati. Akasema hapana, kwenye orodha hapakuwa, lakini mimi mwenyewe nilimwagiza baadaye kwa sauti. Nikamwambia mimi niliagiza kapeti. Akasema ndiyo, kabati. Nikasema kapeti. Akasema, kwa upole ule ule, ndiyo, na ndiyo hilo.

Kabla sijaendelea niwaambie kwamba mimi shuleni Kiswahili nilikuwa wa kwanza. Nawasahihisha watu dukani. Mtu wa kwetu akija akiomba "basia" la dirishani, namwambia asubiri, ni pazia, na simuuzii mpaka aseme vizuri. Kwa hiyo nilimwambia fundi, mbele ya baba, kwamba tatizo ni masikio yake.

Fundi alitoa simu mfukoni, akatafuta, akaiinua juu. Na sauti yangu mwenyewe ikatoka pale uani, wazi kabisa, na mlio wa cherehani nyuma yake: "Fundi, na hapo nyuma usisahau kuweka gabeti. Ile nzuri, ya brown. Ijae yote, mpaka mlangoni."

Nyani haoni kundule. Fundi alieleza, bila kunicheka, kwamba alisikia "gabeti" akajua hawa ni Wakipsigis, huyu anataka kusema kabati, maana amefanya kazi na watu wetu miaka mingi na huwa anatugeuzia herufi kichwani.

Ndipo nikasikia mlio kutoka kwenye benchi. Nilidhani baba amepaliwa. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka fimbo ikaanguka, akafuta machozi kwa mkono mmoja, akamwomba fundi aicheze tena. Fundi akaicheza tena. "Gabeti," baba akarudia, na yeye akilitamka vile vile, kisha akacheka upya. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu alipougua. Kabati hilo ningelipenda hapo hapo kama nisingekuwa na aibu.

Kicheko ndicho kilichomwinua. Alishika fimbo, akatembea mpaka mlango wa abiria, na bila kuombwa na mchungaji wala mjukuu akasema anataka kuona hicho kiti. Fundi akakirudisha nyuma kabisa na kukishusha, baba akajigeuza, akakaa, akajivutia mguu ndani. Kiti kikapanda polepole mpaka magoti yake yakapata nafasi. Akaegemea. Akapitisha kiganja kwenye mshono wangu na kusema umenyooka. Nilikuwa tayari kulia.

Kisha akakitafuta kioo.

Nikamwona anautazama mlango. Ule mkono wa zamani wa kuzungushia haukuwepo. Mahali pake palikuwa na swichi nyeusi, ndogo, safi, imefungwa mlangoni kama inavyofungwa kwenye magari yote ya watu wazima wenye mikono miwili. Upande wa kushoto. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala pajani, sentimita chache tu kutoka pale, na haukuweza hata kujiinua. Aliupeleka mkono wa kulia mbele ya kifua, akajipinda, mkanda ukamzuia, akaishia hewani. Alijaribu mara mbili. Kisha akaurudisha mkono, akafungua mkanda, akatoka garini taratibu na kurudi kwenye benchi bila kutazama mtu.

Nilikuwa nimeandika orodha ya kurasa mbili. Nilikumbuka makalio yake yasipate baridi, nikakumbuka simu isiyohitaji chaji. Kitu kimoja kilichomfanya mzee akae nyumbani miezi yote hiyo sikukiandika. Fundi alinong'ona, "Madam, hukuniambia ni mkono gani," na ilikuwa kweli, hata pa kufokea sikuwa napo. Niliingia jikoni nikajifanya natafuta chai. Nililia huko dakika mbili hivi, zaidi kwa kujichukia kuliko kwa huzuni, nikatoka na birika.

Nilimkuta fundi amekaa kwenye benchi kando ya baba. Sisi nyumbani hatukuwahi kuutaja mkono ule. Tulimwekea kikombe upande wa kulia, tukamfungia vifungo tukiongea habari za ng'ombe, na yeye hakuwahi kuutaja pia. Nilimimina chai. Baba alipokea kikombe, akanywa, akakiweka chini. Kisha akaushika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, akauinua kidogo, akamwonyesha fundi.

"Fundi, hii mkono imelala," akasema. "Usiwekee hii kazi. Wekea hii ingine."

Fundi aliruka kama aliyengoja kuambiwa hivyo tangu azaliwe. Alisema inawezekana, na safari hii nililipenda neno lake. Atazivuta nyaya kutoka mlangoni, azipitishe chini ya kiti, alete swichi katikati, kati ya viti viwili, pale ambapo mkono wa kulia wa abiria unaangukia wenyewe. Swichi ya kiti pia ije huko huko. Tatizo, alisema, hapo katikati hakuna kitu cha kuifungia, panahitaji kisanduku, na kisanduku cha kununua kitachukua siku.

Baba aliangalia nyuma ya gari. "Si tuko na gabeti," akasema.

Basi tukalitoa. Mlango mmoja wa kabati ulikatwa kwa msumeno pale pale uani, na kufikia saa nane mchana kulikuwa na kisanduku kidogo cha saiprasi kati ya viti, kimechongwa pembe zisimkwaruze mtu, swichi mbili juu yake. Mimi nilikivalisha kitambaa cha kahawia upande mmoja na baba akanizuia kuendelea, akasema mbao inatosha, si kila kitu kivishwe nguo. Kabati lililobaki liko jikoni kwangu sasa hivi, lina mlango mmoja, na ndani naweka vikombe.

Baba aliingia tena. Kiganja cha kulia kikashuka kwenye kisanduku. Kidole kikabonyeza na kioo cha kushoto kikateremka chote, bila kukwama. Alikipandisha, akakiteremsha tena. Kisha akaniambia nilete koti lake na tuende kituoni, maana saa hiyo wanapima majani.

Fundi alikaa nyuma akisikilizia mota zake. Niliendesha polepole, kwa mara ya kwanza maishani bila kuambiwa. Kioo kilikuwa chini na upepo wa mashamba ya chai ulituingia. "Chamgei," baba aliwaambia wachumaji. "Chamgei," kwa mama wa duka. Watu walisimama wakatazama, wengine wakainua mikono yote miwili. Rafiki yake nilishamwona kwa mbali kwenye foleni, kapu la majani miguuni, na sikujua kama atageuza uso.

Baba aliniambia nisimame. Nikasimama pembeni kabisa ya foleni. Yule mzee alitutazama, akachelewa kidogo, kisha akaja mpaka dirishani na kusimama umbali wa hatua moja.

"Mimi nilifikiri umenifungia kioo," akasema.

"Kioo ndiyo ilinifungia mimi," baba akajibu. Akamwonyesha kwa macho mkono uliolala pajani.

Rafiki yake alitazama mkono ule kwa muda. Huku kwetu hakuna anayesalimiana kwa mkono wa kushoto, ni tusi hata kwa mtoto. Yule mzee alipitisha mkono wake wa kulia dirishani, akauchukua mkono wa kushoto wa baba kutoka pajani, akaushika vizuri, akautikisa taratibu kama salamu inavyotikiswa. "Chamgei," akauambia mkono. Baba aliinamisha kichwa akaitika kwa niaba yake.

Walianza kuongea, hawakuachana mikono. Waliongea bei ya mbolea, meno, na nani amekufa. Fundi alishuka akaenda kununua mahindi ya kuchoma. Kisha mvua ya saa kumi ikaanza, ile ya kwetu isiyobisha hodi, na matone yakaingia dirishani, juu ya mshono wangu wa wiki tatu. Nilinyoosha kidole kwenye kisanduku ili nipandishe kioo kidogo tu, angalau nusu.

Baba alinipiga kidole bila hata kugeuka.

"Hiyo ni yangu," akasema, akaendelea na habari zake, na kiti kikalowa.